Picha Moja au Simulizi: Ni Urithi Gani wa Picha za Habari Unaomfaa Mpiga Picha wa Kazi za Wateja?

Mpiga picha anayeishi kwa kazi za wateja, awe wa harusi, wa mikutano, wa picha za watu au wa taarifa za mashirika, mara nyingi huieleza kazi yake kwa kusema kwamba anafuata mtindo wa picha za habari. Kauli hiyo inaweza kuwa ya kweli na bado ikawa haijakamilika, kwa sababu picha za habari zimelea shule mbili zinazotofautiana katika mambo ya msingi, na anayezichanganya bila kujua hujikuta na kazi isiyo na makali ya shule ya kwanza wala kina cha shule ya pili. Shule ya kwanza ni ya picha moja, ambapo tukio zima hubebwa na fremu iliyopigwa mahali pake na kwa wakati wake. Shule ya pili ni ya simulizi, ambapo picha kumi au ishirini hupangwa kwa mfuatano na kila moja huitegemea iliyo jirani yake. Ninaziweka hapa sambamba ili anayetaka kuifanya mojawapo kuwa msingi wa kazi yake ajue anachukua nini na anaacha nini, nami nitasema waziwazi ipi ninaipendekeza na kwa nani.

Zote mbili zilinufaika na chombo kimoja. Kamera ya Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925, ikitumia filamu ya milimita 35 iliyokuwa ya sinema, mpiga picha aliweza kuachana na stendi ya miguu mitatu, akatembea katikati ya watu akiwa na fremu 36 mkononi. Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliitumia kamera hiyo kusubiri nukta ambayo maumbo, ishara na maana hukutana, kisha akafyatua. Nchini Marekani jarida la Life, lililoanza Novemba 1936, lilitenga kurasa kadhaa mfululizo kwa habari moja ya picha, na humo ndimo W. Eugene Smith alimoijengea heshima makala ya picha. Walioingia kazini baada yao wamerithi kwa mmoja wao au kwa wote wawili, hata wale ambao hawajawahi kusikia majina yao.

Shule ya picha moja

Tarehe 16 Juni 1976, Soweto, Afrika Kusini, Sam Nzima wa gazeti la The World alipiga picha ambayo haihitaji picha ya pili. Kijana Mbuyisa Makhubo, amevaa ovaroli, amempakata Hector Pieterson, mwanafunzi wa miaka 12 aliyepigwa risasi na polisi, na kando yao anakimbia Antoinette, dada yake Hector, mkono wake ameuinua na kiganja kikiwa wazi. Ukiitazama fremu hiyo kwa utulivu utaona jinsi uzito wa mtoto ulivyoingia katika mikono ya aliyembeba, na jinsi kiganja kile kinavyosema jambo ambalo mwandishi angelihitaji aya nzima kulifikia. Nzima aliificha filamu ndani ya soksi yake ili isinyang'anywe. Hakuwa na nafasi ya kurudi mahali pale na kuomba tukio lirudiwe, na hapo ndipo penye kiini cha shule hii: mpiga picha anafanya kazi akiamini kwamba hatarudi.

Imani hiyo huufundisha mwili kabla ya kuifundisha akili. Aliyelelewa katika picha moja huchagua kwanza mandhari ya nyuma, akasimama mahali ambapo mwanga unamfaa, ndipo akasubiri watu waingie. Hungoja akiwa ameshaamua umbali. Kwa kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, na lenzi ya milimita 35, akiweka upenyo wa lenzi kwenye f/8 na fokasi kwenye mita tatu, kila kilicho kati ya takriban mita mbili na mita saba kitatoka kikiwa na ukali wa kutosha, na kwa hiyo jicho lake linabaki huru kutazama nyuso badala ya kuhangaika na fokasi. Huzikagua pembe za fremu kabla ya kufyatua, kwa sababu amezoea kwamba picha itachapishwa jinsi ilivyo. Vilevile hujifunza kutabiri: mtu anayekaribia kulia huvuta pumzi kwanza, na wazee wanaotaka kukumbatiana hubadilisha mwendo hatua mbili kabla ya kufikiana.

Ujuzi huu haupotei mtu anapoondoka katika chumba cha habari. Pete huvishwa mara moja, cheti hukabidhiwa mara moja, na mzazi anayemtazama mwanawe akihitimu huwa na uso ule kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kubadilisha lenzi. Mteja ambaye siku yake ina nyakati kama hizo chache na nzito anamhitaji mtu wa shule hii.

Udhaifu wake hata hivyo ni mkubwa, na ulidhihirika kwa mmoja wa mabingwa wake. Tarehe 1 Februari 1968, Saigon, Eddie Adams wa shirika la Associated Press alimpiga picha mkuu wa polisi wa Vietnam Kusini akimuua mfungwa kwa bastola, na picha hiyo ikampatia Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani, mwaka 1969. Baadaye Adams mwenyewe alieleza kwamba picha ile ilisema nusu tu ya ukweli, na alimwomba radhi jenerali yule na familia yake kwa madhara iliyowaletea. Fremu moja haionyeshi kilichotokea saa moja kabla yake. Katika kazi za wateja kasoro hiyo huja kwa sura ya upole zaidi, lakini ni ileile: mteja hukabidhiwa picha arobaini, kila moja ina nguvu, na zote kwa pamoja hazimwambii siku yake ilianzaje, ilipita wapi na iliishaje.

Shule ya simulizi

Mwaka 1948 Smith alikaa siku 23 katika mji mdogo wa Kremmling, Colorado, akimfuata daktari Ernest Ceriani. Mwanzoni alifyatua kamera isiyo na filamu ndani yake, kwa kusudi la kumzoesha daktari sauti na uwepo wake, na filamu ilipowekwa daktari alikuwa ameshaacha kumtazama. Kwangu mimi hilo ni mojawapo ya mafunzo makubwa kabisa ambayo upigaji picha wa habari umewahi kutoa, kwa sababu linakiri kwamba picha za kwanza unazopiga kwa mgeni huonyesha zaidi namna anavyokuona wewe kuliko namna anavyoishi.

Katika makala hiyo mna picha ya Ceriani akiwa amesimama jikoni usiku wa manane. Amevaa joho na kofia ya upasuaji, barakoa inaning'inia shingoni, ameegemea meza ya ukutani akiwa na kikombe mkononi na sigara kati ya vidole, na macho yake hayatazami chochote kilichomo chumbani. Mtu akiiona peke yake ataona uchovu. Msomaji aliyepita kurasa zilizotangulia, na aliyeelezwa kisa chake, anajua kwamba daktari ametoka katika upasuaji ambao mama na mtoto wote wawili walifariki, na uchovu ule unageuka kuwa jambo zito zaidi. Picha haikubadilika hata kidogo, ila nafasi yake katika mfuatano na maelezo yanayoandamana nayo ndivyo vilivyoipa maana. Hii ndiyo tofauti halisi baina ya shule hizi mbili, na idadi ya picha ni matokeo yake tu.

Anayechagua shule ya simulizi hujifunza kupiga picha ambazo wa shule ya kwanza huzidharau. Huhitaji picha ya mahali, inayomwambia mtazamaji yuko wapi. Picha za mikono na vifaa. Picha za watu wawili zinazoonyesha uhusiano wao. Picha tulivu ya kumpumzisha mtazamaji baada ya picha kali. Na picha ya kufungia. Baadhi yake hazina uzuri wa kutundikwa ukutani, lakini zikiondolewa hadithi inakatika. Hujifunza pia kuhariri kwa uchungu, yaani kuiacha picha nzuri kwa kuwa inarudia jambo ambalo nyingine imeshalisema. Ninaamini kwamba uhariri ndio ustadi ambao wapiga picha wengi wa kazi za wateja wameukosa, na hakuna mahali unapofundishwa vizuri kuliko hapa.

Hatari ya shule hii ni kutomaliza. Smith aliyefanikiwa Kremmling ndiye aliyekwenda Pittsburgh mwaka 1955 kwa kazi iliyokadiriwa kuchukua wiki tatu na kutoa picha mia moja, akaishia kupiga takriban negativu 17,000, yaani fremu za filamu, na kuihangaikia kwa miaka kadhaa bila kupata kamwe umbo alilolitaka. Mpiga picha mwenye wateja wanaosubiri hawezi kuishi hivyo. Aingiaye katika simulizi lazima aanze na tarehe ya mwisho na idadi ya picha za mwisho, aziandike, na aziheshimu.

Ukweli wa picha

Hapa shule ya picha moja ina ubora ulio wazi, nami sioni sababu ya kulizunguka jambo hili. Mashirika ya habari yanayoiendeleza shule hiyo yamejiwekea masharti makali. Associated Press hairuhusu kitu chochote kuongezwa wala kuondolewa katika picha, na mwaka 2014 ilivunja uhusiano na mpiga picha aliyefuta kamera ya video ya mwenzake kwenye ukingo wa fremu, kitu ambacho hakikugusa maana ya habari hata kidogo. Novemba 2015 Reuters iliwataka wapiga picha wake wa kujitegemea waache kutuma picha zilizosafishwa kutoka faili za RAW, yaani data ghafi ya kamera, na watume JPEG, picha zilizokamilishwa na kamera yenyewe. Mwaka huohuo shindano la World Press Photo liliondoa karibu asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho kwa sababu ya marekebisho yaliyovuka mipaka.

Shule ya simulizi imekuwa legevu zaidi, labda kwa sababu msimuliaji hujiona anahudumia ukweli mkubwa kuliko ule wa fremu. Smith aliunganisha negativu mbili katika picha mashuhuri ya daktari na mmisionari Albert Schweitzer iliyotoka mwaka 1954, akiweka mbele mpini wa msumeno na mkono ambavyo havikuwamo katika negativu ya kwanza. Mpiga picha Mmarekani Dorothea Lange naye aliagiza kidole gumba kilichoonekana pembeni kifutwe katika picha yake ya mwaka 1936 ya mama mhamiaji wa California. Ninawaheshimu wote wawili kwa moyo mmoja, lakini katika jambo hili sishauri wafuatwe.

Kwa mpiga picha wa wateja ushauri wangu ni kwamba, hata akichagua simulizi, achukue masharti ya shule ya kwanza. Mwanga, rangi na utofautishaji virekebishwe kadiri chumba cha giza cha zamani kilivyoweza kuvirekebisha, na kilichokuwapo kibaki. Picha za kupangwa zina haki yake, na familia inayotaka kusimama mstari mmoja ipigwe ikiwa imesimama hivyo kwa fahari, mradi zihifadhiwe katika folda yake na zisichanganywe na zile zinazodai kuonyesha kilichotokea. Anayemwomba bwana harusi arudie kufuta chozi kisha akaiweka picha hiyo kati ya picha za matukio amewanyima wajukuu wa watu hao kumbukumbu waliyoamini kuwa ni ya kweli.

Deni kwa wanaopigwa

Katika deni kwa watu mizani inageuka upande wa simulizi. Lange hakuuliza jina la mama yule. Alimpiga fremu chache kando ya barabara huko Nipomo akaondoka, na ilikuwa mwaka 1978 tu ndipo ulimwengu ulipojua kwamba aliitwa Florence Owens Thompson, ambaye hakupendezwa na namna uso wake ulivyotumika. Ingawa Lange alifanya kazi ya miaka mingi na yenye huruma kwa wahamiaji, picha hiyo moja ilisafiri kwa sheria za shule ya kwanza, ambapo mtu hugeuka alama.

Ulinganishe mwenendo huo na kilichotokea Minamata. Smith na mkewe Aileen waliishi katika mji huo wa Japani kuanzia mwaka 1971, kati ya watu waliodhurika kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Picha yao inayojulikana zaidi, ya mama akimwogesha binti yake aliyezaliwa na madhara hayo, ilipigwa kwa ridhaa ya familia iliyowafahamu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, miaka mingi baada ya binti huyo na Smith mwenyewe kufariki, Aileen aliamua picha hiyo isitolewe tena kwa matumizi mapya, kwa kuheshimu hisia za wazazi. Uamuzi kama huo humjia mtu ambaye uhusiano wake na watu haukuisha kamera ilipowekwa mkobani. Mpiga picha wa kazi za wateja, ambaye familia ileile inaweza kumwita kwenye harusi, kisha ubatizo au akika, kisha msiba, anaishi katika uhusiano wa aina hii apende asipende, na kwa sababu hiyo nadhani shule ya pili iko karibu naye zaidi kuliko anavyofikiri.

Maelezo ya picha ni jambo dogo linalostahili kutajwa papa hapa. Nani, nini, wapi na lini, yakiandikwa ndani ya faili siku ileile, ni tabia ya chumba cha habari ambayo shule zote mbili zinaidai na ambayo wapiga picha wengi wa sherehe huiacha. Baada ya miaka ishirini picha isiyo na majina huwa ni ya watu wasiojulikana.

Vifaa, muda na hakimiliki

Kuhusu vifaa hakuna mengi ya kulinganisha: kamera mbili na lenzi mbili fupi zinatosheleza shule zote mbili. Muda ndio unaozitenganisha. Picha moja hulipwa kwa siku, simulizi hudai wiki au miezi, na wateja wengi hulipa kwa siku. Njia moja ya kutoka katika kizuizi hicho ilionekana kwa mpiga picha Mbrazili Sebastião Salgado. Tarehe 30 Machi 1981 alikuwapo Washington wakati Rais Reagan wa Marekani alipopigwa risasi, na fedha alizopata kwa kuuza picha za tukio hilo la dakika chache zilimwezesha kusafiri barani Afrika kwa kazi ndefu ya kwake mwenyewe. Kazi za haraka zinaweza kuilipia kazi ya polepole, mradi mtu apange hivyo tangu mwanzo.

Hakimiliki nayo inaamua mengi. Cartier-Bresson, Robert Capa, David Seymour na George Rodger walipoanzisha Magnum, shirika la wapiga picha wenyewe, mwaka 1947, msingi mmojawapo ulikuwa kwamba picha ni mali ya aliyepiga, na wala si ya jarida. Nzima, kwa upande wake, aliajiriwa na gazeti, na hakimiliki ya picha ya Soweto aliipata mwaka 1998 tu, zaidi ya miaka ishirini baada ya kuipiga. Anayefuata picha moja ana hatari kubwa zaidi hapa, kwa kuwa thamani yote ya kazi yake inaweza kukaa katika faili moja ambalo mkataba wa haraka umelitoa mkononi mwake. Msimulizi naye asipoandika katika mkataba kwamba mfuatano usivunjwe na maelezo yasifutwe, ataiona picha yake ya jikoni usiku wa manane ikitumika kuuza dawa ya usingizi.

Nani achague ipi

Kama unaanza, anza na picha moja. Huwezi kujenga mfuatano kwa fremu dhaifu, na nidhamu ya kusimama mahali sahihi haifundishwi na kitu kingine. Kama kazi zako ni za matukio ya siku moja kwa watu ambao hutawaona tena, ibaki kuwa msingi wako, na uongeze tu desturi ya kupiga mwanzo, katikati na mwisho wa kila tukio.

Kama umeshafanya kazi miaka kadhaa, mkono wako hautetereki tena na picha zako zimeanza kufanana, hapo ninakushauri simulizi bila kusita. Hutalazimika kuacha ulichonacho. Ernest Cole wa Afrika Kusini alivutiwa na kitabu cha Cartier-Bresson kuhusu Moscow, kisha akalitumia jicho hilo la fremu moja kwa miaka mingi katika kazi moja ndefu juu ya maisha chini ya ubaguzi wa rangi, akifika hadi kuingiza kamera mgodini kwa siri ndani ya mfuko wa chakula. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, baada ya yeye kuihama nchi, na serikali ya huko ikakipiga marufuku. Chagua watu ambao unaruhusiwa kurudi kwao: mteja wa kudumu, karakana, kwaya, familia iliyokuita mara mbili. Weka tarehe ya mwisho, weka kikomo cha picha kumi na tano, na uwaonyeshe wao kabla ya mtu mwingine yeyote.